Firigisi za Bata wa Gidamura

Watu watano walikula kutoka sufuria moja, akafa mmoja, na huyo mmoja alikuwa mwenye nyumba. Kwa watu wa Gidamura hesabu hiyo ilitosha. Joseph Dafi alikuwa hajazikwa, na tayari ilisemwa kwamba mkewe, Selina, alimwekea kitu kwenye sahani.

Laurencia Margwe alizisikia habari hizo msibani, upande wa wanawake, akimenya viazi. Alikuwa jirani yao. Shamba la baba yake, Thomasi, lilikuwa ng'ambo ya bwawa, na nyumba hizo mbili zilitazamana juu ya maji. Laurencia alisomea wanyamapori chuoni, akaongoza watalii kwenye hifadhi ya kreta kwa miaka kadhaa, kisha akarudi nyumbani Karatu na kujenga kibanda cha mabanzi kwenye ukingo wa bwawa, chini ya shamba la baba yake. Alipokea wageni wa aina moja tu: wale wanaokuja na lenzi ndefu kama mkono na hawana haja ya simba. Walitaka bata mdomo-mwekundu, bata bukini, kukuziwa, na zaidi ya wote wale bata wadogo wenye utepe mweupe juu ya jicho, wanaoruka kutoka Urusi kila mwaka na kukaa Gidamura hadi Machi.

Bata wa porini hamsogelei mtu, na kibanda peke yake hakimleti. Kwa hiyo kila alasiri Laurencia alimwaga mahindi kidogo kwenye tope mbele ya kidirisha, mahali ambapo jua la magharibi hupiga ubavuni. Bata walizoea. Walifika karibu kiasi kwamba mgeni aliweza kuona maji yakidondoka kwenye ncha ya mdomo. Walimu wake wa chuo walikuwa wakisema kwamba mpiga picha asimlishe ndege. Laurencia aliikumbuka kanuni hiyo vizuri, na aliivunja kwa sababu mahindi yalifanya kazi.

"Watu watano, sufuria moja," alisema Lusia, aliyekuwa akichambua mchele kando yake. "Hiyo ni sumu gani yenye macho ya kuchagua?"

"Sumu haina macho," mwingine alijibu. "Mkono wa mpakuaji ndio wenye macho."

"Nyamaza, watoto wake wanasikia."

"Wasikie. Baba yao ndiye aliyelala humo ndani."

Wote walijua jinsi Joseph alivyokufa. Alikula bata jioni, na kabla vyombo havijaoshwa alianza kutokwa na mate mengi, misuli ikamcheza mikononi na shingoni, akatokwa jasho, akashindwa kupumua. Pikipiki iliyomchukua ilifika zahanati na maiti. Watoto watatu na mama yao walibaki wazima. Ukweli ni kwamba binti mkubwa, Witness, alitapika mara moja usiku ule, lakini jambo hilo halikuendana na hadithi, kwa hiyo hakuna aliyelitaja.

Laurencia alijua jambo jingine. Asubuhi ya siku ile alikuta bata wanane wamekufa mbele ya kibanda chake, shingo zimelala juu ya tope. Alidhani ni ugonjwa. Aliwapiga picha mmoja mmoja kutoka juu, kama alivyofundishwa, akampigia simu bwana mifugo, ambaye alikuwa Mang'ola na hadi siku ya maziko alikuwa hajarudi. Saba aliwafukia. Mmoja alimfunga kwenye mfuko na kumweka kwenye friji ili bwana mifugo amkute. Hakujua, hadi alipolisikia hapa msibani, kwamba Joseph alikuwa amepita pale mapema zaidi, akipeleka ng'ombe majini, na kuwakuta bata wengine bado wanapigapiga mabawa. Joseph hakuwa mtu wa kula kibudu. Aliwachinja waliokuwa hai, akawaacha waliokufa, na kwa mujibu wa desturi alikuwa ameshika sheria.

Laurencia aliweka kisu chini, akaosha mikono, akaingia chumba alichokaa Selina. Mfiwa alikuwa kwenye godoro sakafuni, kitenge kimefika nyusi. Kwa kawaida mjane huzungukwa na wanawake. Selina alikuwa na dada yake mmoja tu, na huyo alisinzia.

"Pole, mama Witness."

"Asante."

"Nina swali moja, na si swali la msibani."

"Uliza. Wote wanauliza."

"Firigisi alikula nani?"

Selina alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji huteremkia upande gani. "Firigisi kwenu huliwa na nani? Alikula baba Witness. Mimi nilikuwa bado nanyonyoa. Alizipasua, akazikung'uta, akazibanika kwenye makaa na chumvi. Hakungoja hata ugali."

"Zote?"

"Zote saba. Kuna mwanamume wa kumgawia mtoto firigisi?"

"Uliona ndani yake kulikuwa na nini?"

"Mahindi." Selina alikaribia kucheka, kisha sura ikamrudi. "Alifurahi. Akasema, bata wa Laurencia wanakula kuliko sisi."

Laurencia alirudi kwenye viazi. Baada ya maziko, waombolezaji wakiwa bado wanashuka kutoka makaburini, polisi walimchukua Selina. Mdogo wa marehemu, Yohani, ndiye aliyewaongoza hadi mlangoni. Alimwambia shemeji yake, mbele ya watu, achukue na sweta, maana huko hakuna mume wa kumfunika.

*

Nyumbani, Laurencia alifungua kompyuta juani, kwenye kiti cha nje, na kuzipitia picha za alasiri iliyotangulia vifo vile. Zilikuwa nzuri. Alikuwa ameziona mara moja na kuchagua chache za kumtumia mgeni. Sasa hakuwatazama bata, alitazama midomo yao. Kwenye moja, bata mwenye utepe mweupe alikuwa ameinua kichwa na punje ya hindi imebanwa katikati ya mdomo, kitako cha punje kikielekea lenzi. Laurencia aliikuza picha mpaka punje ikajaa kioo.

Punje ilikuwa nyeupe pande zote. Kwenye kitako tu, katika kile kishimo kidogo ambapo punje hushikana na gunzi, kulikuwa na rangi ya zambarau.

Alitafuta picha nyingine. Zambarau ilikuwapo kwenye punje tatu zilizolala topeni, mahali palepale, kwenye kishimo. Alimtoa bata kwenye friji, akavaa glavu, akapasua firigisi kwa wembe. Punje zilikuwa zimelainika, lakini vishimo vyao vilikuwa na rangi. Alizitia kwenye chupa ya kioo na kuifunga.

Rangi ile kila mkulima wa Karatu anaijua. Ni ya dawa ya chembechembe, ambayo huchanganywa na mbegu ili wadudu wasiile ardhini na korongo wasiifukue. Mahindi ya mwisho aliyomwagia bata hayakutoka gunia la kawaida. Baba yake alikuwa amempa ndoo, akisema, "Hii wape ndege wako," na yeye hakuuliza. Gunia lilikuwa limefika chini, na mgeni alikuwa njiani.

Thomasi Margwe alirudi kutoka msibani akiwa na kiti cha kukunja begani. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na ndiye aliyeongoza sala kaburini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona hukungoja chakula?"

"Yale mahindi ya kwenye ndoo yalikuwa mbegu?"

Thomasi alikunjua kiti, akakaa, akavua kofia. "Yalibaki baada ya kurudishia mapengo shamba la juu. Niliyaosha."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Kwa sabuni ya unga, maji matatu, mpaka maji yakawa meupe. Nikayaanika kwenye turubai. Ulitaka niyatupe? Mimi nimeona mwaka ambao watu walifukua panya wapate punje walizoficha. Nafaka haitupwi."

"Rangi ilitoka. Dawa ilikuwa imeshaingia ndani."

"Wewe uliyaonja?"

"Joseph aliyaonja."

Aligeuza kompyuta. Baba yake hakuvaa miwani, lakini picha ilikuwa kubwa vya kutosha. Aliitazama kwa muda, kisha akatazama ng'ambo ya bwawa, ambako turubai la msiba lilikuwa bado limesimama.

"Sampuli za tumbo zimepelekwa Arusha," alisema. "Mkemia atasema ni dawa ya shambani. Watamwachia mama Witness."

"Mkemia atasema ni dawa ya chembe za zambarau. Selina anayo pakiti ya dawa hiyo stoo, kama sisi, kama kila mtu. Majibu yakija yatamfunga, hayatamfungua."

"Basi na sisi tusiharakishe."

"Baba, kama yalikuwa safi, kwa nini hukuwapa kuku?"

Kuku walikuwa pale pale, wanachakura chini ya mgomba. Thomasi aliwatazama kana kwamba swali lilikuwa lao.

"Kuku ni wa mayai," alisema hatimaye. "Mayai tunakula sisi."

Laurencia alifunga kompyuta.

"Mahindi nani aliyamwaga pale?" Thomasi aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi sijawahi kushuka kwenye hicho kibanda. Ukienda kusema, utasema na mkono wako. Picha si ni zako? Zifute, mwanangu. Bata wamekufa, Joseph amekufa. Wewe unataka kuongeza nani?"

"Yupo mwingine anayeongezwa sasa hivi. Ana watoto watatu."

"Wana baba mdogo."

"Yohani?"

Thomasi alivaa kofia. "Mungu anajua nilivyokusudia," alisema.

"Mungu hataitwa kituoni," alisema Laurencia. "Mimi nitaitwa."

*

Mpelelezi aliyempokea mjini aliitwa Moloimet, kijana wa Endulen, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri. Alisikiliza kwa utulivu. Alitazama picha, akatazama chupa, akauliza bata alihifadhiwa wapi na nani mwingine mwenye ufunguo wa nyumba. Kisha akaweka kalamu.

"Dada, nisaidie hapa. Mimi ni Mmasai. Kwetu ndege ni wa manyoya tu, vijana wakitoka jandoni wanavaa kichwani. Hatuli. Hiyo firigisi ni nini hasa, na kwa nini aile mmoja?"

Laurencia alimweleza. Firigisi ni tumbo la pili la ndege, lenye misuli, ambapo nafaka husagwa kwa mawe madogo. Kama ndege amekula sumu iliyo ndani ya punje, punje inakaa pale, na sumu inakaa pale. Nyama ya kifuani inapata kidogo sana, na hiyo, kama bata wa bwawani apikwavyo kwetu, ilichemshwa muda mrefu na maji ya kwanza yakamwagwa. Firigisi hazikuchemshwa. Zilikung'utwa tu na kubanikwa.

"Na watoto?"

"Mtoto hapewi firigisi. Mke naye hapewi. Ni ya baba mwenye nyumba, au mgeni mkubwa. Hiyo haina haja ya kuandikwa mahali. Muulize askari yeyote hapo nje ambaye si Mmasai."

Moloimet aliinuka, akafungua mlango. "Koplo! Firigisi ya kuku nyumbani kwako anakula nani?"

"Mimi, afande!" ilijibu sauti. "Kwani mama watoto amelalamika?"

Vicheko vilisikika korido nzima. Moloimet alifunga mlango, akakaa, na hakucheka.

"Kwa hiyo ni desturi iliyochagua," alisema.

"Ndiyo."

"Nani alimwaga mahindi?"

"Mimi."

"Ulijua yana dawa?"

"Hapana. Ilikuwa kazi yangu kuyaangalia, sikuyaangalia."

"Nani alikupa?"

Kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa na kalenda yenye picha ya heroe wa Engaresero, wengi sana, wamepigwa kutoka juu kiasi kwamba hawakuonekana kama ndege. Laurencia aligundua kwamba aliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Baba yangu," alisema. "Thomasi Margwe. Aliyaosha kwanza."

Kesho yake polisi walikwenda kumchukua Thomasi. Walimkuta anapalilia. Aliomba anawe miguu, akabadilisha shati, akapita mbele ya binti yake bila kumtazama. Kwa askari alisema kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu ana macho makali sana. Ada ya hayo macho nililipa mimi."

*

Selina aliachiwa majibu ya Arusha yaliporudi. Yalisema yale Laurencia aliyotabiri, na kwa sababu ya picha na chupa yalisomwa kwa namna nyingine. Thomasi alifunguliwa mashtaka. Laurencia alihojiwa tena mara kadhaa, akaambiwa asitoke wilayani. Wanajumuiya walimdhamini mzee wao, akarudi nyumbani kungoja kesi. Tangu hapo alipika ugali wake kwenye sufuria yake, akala nje, na wakipishana mlangoni alisubiri binti yake apite kwanza, kama mtu anavyompisha mgeni.

Bwawani hapakuwa na bata. Waliosalimika walikuwa wamehama, au walikuwa wamekufa kwenye matete ya mbali. Kulikuwa na yangeyange wachache na mnandi mmoja kwenye kisiki, amekunjua mabawa. Wageni wawili walifuta safari. Laurencia aliendelea kwenda kibandani asubuhi, bila mahindi, akaandika alichokiona, na mara nyingi kilikuwa mnandi.

Kijijini, kuachiwa kwa Selina hakukubadili kitu. Picha ya punje ilizunguka kwenye simu za watu na kila mmoja aliikuza kwa vidole viwili. "Siku hizi wanatengeneza picha za kila kitu," alisema Yohani. "Huyo Laurencia alikuwa rafiki yake." Hawakuwa marafiki, lakini hilo nalo likawa kweli. Duka la Lusia lilikataa kununua mayai ya Selina. Kwenye misa, benchi alilokaa lilibaki na nafasi. Yohani alianza kusema kwamba watoto wahamie kwake, pamoja na ng'ombe wao, maana mtoto hawezi kulelewa na jiko ambalo watu wanaliogopa.

Ilipofika siku ya kumaliza msiba, Witness alivuka bwawa na kusimama mlangoni kwa akina Laurencia.

"Mama anasema uje."

"Amesema kwa nini?"

"Amesema uje tu."

Kwa Selina watu walikuwa wamefika. Msiba haukataliwi, hata kwa mtu anayeogopwa. Walikaa kwenye mabenchi baada ya misa, mikono magotini, na mbele yao palikuwa na sufuria za wali, maharage, na jogoo wawili waliochinjwa asubuhi. Selina alifunua kila sufuria, akachota kwa mwiko, akala mbele yao, moja baada ya nyingine. Mpishi huonja kwanza ili kuondoa shaka. Alipomaliza, akasimama na sahani ya kwanza mkononi. Hakuna aliyeinuka.

"Tumeshiba chai," alisema Lusia kwa upole.

"Paroko ana safari," mwingine alisema, na paroko, ambaye hakuwa na safari, alitazama saa yake.

Selina aliiweka sahani chini. Aliingia jikoni, akatoka na kisahani kidogo. Juu yake palikuwa na firigisi mbili, zimebanikwa, na chumvi pembeni. Alimpita paroko. Alimpita Yohani, ambaye tangu kifo cha kaka yake ndiye mwanamume mkubwa wa ukoo na ndiye aliyestahili, na ambaye alijivuta nyuma kidogo kwenye kiti. Akaja kusimama mbele ya Laurencia.

"Kula."

"Ni za Yohani hizo."

"Yohani hali. Nimemuuliza kwa macho, umemwona." Sauti yake haikupanda. "Jogoo hawa ni wa kwangu. Wamekula mahindi ya kwangu. Wewe ndiye mtaalamu wa vilivyomo ndani ya firigisi, polisi wameandika hivyo. Basi kula, wakuone."

Mwanamke hali firigisi. Mtu mmoja alicheka kwa mshtuko, akanyamaza. Laurencia alichukua ya kwanza, akaichovya kwenye chumvi, akaitia mdomoni.

Firigisi ni ngumu, haimezwi haraka. Alitafuna, na watu wakamtazama. Hakuna aliyesogeza mguu wala kukohoa. Aliufahamu utulivu ule, alikuwa ameuzoea kutoka upande wa pili wa kidirisha. Alimeza, akachukua ya pili. Ilikuwa na kipande cha ngozi ya ndani ambacho hakikumenywa vizuri, na alipokitafuna alisikia mchanga kwenye meno.

Alipomaliza, walingoja. Mtoto alilia nyuma ya nyumba na akanyamazishwa. Walimtazama mikono, kama itacheza, na mdomo, kama utatoa mate. Kivuli cha turubai kilikuwa kimemfika miguuni alipoanza kula. Sasa kilikuwa magotini. Hatimaye Yohani alikohoa, akainuka, akaokota sahani kwenye rundo na kuinyoosha mbele ya sufuria ya wali.

Selina alimpakulia. Nyuma yake walisimama Lusia, na paroko, na wengine, wakasukumana kidogo, na mtu akaulizia pilipili. Selina alipakua bila kumtazama yeyote usoni, mpaka foleni ilipopungua. Ndipo akampa Witness mwiko, akaja kuchukua kisahani kutoka kwenye mapaja ya Laurencia.

"Watoto wanabaki kwangu," alisema. Alikipangusa kisahani kwa ncha ya kitenge, pande zote mbili. "Sasa nenda kwenu."